Ubao Wenye Bonde

Mize kaja na sahani ya bati,
kaitua juu ya ubao wake wa zamani, katikati,
akasema, "Vuai, nataka hivi.
Mgongo wake uwe bonde, usiwe kilima.
Nimechoka kulalia nundu
kama mzigo wa kuni juu ya punda."

Nikaguna. Mimi fundi wa kuziba nyufa,
banda langu nyuma ya skuli, Jambiani Kibigija,
nimezoea ubao wenye mgongo wa kobe:
maji yakipanda, yanashuka, hayaombi ruhusa.
Bonde, nikamwambia, ni besena.
Utabeba bahari kuipeleka baharini.

"Maji yatatoka," kasema. "Mimi je, nikiteleza?"
Akalala kifudifudi kwenye vumbi la povu gumu
akanionesha mbavu zinavyotafuta pa kukaa,
mikono ikipiga kasia hewani.
"Kifua kikizama kidogo, bega linayafikia maji.
Na nikisimama, hata nikifumba macho,
unyayo unajua ukingo uko wapi."

Hapo alinipata.
Nilikumbuka kizingiti cha nyumba tuliyozaliwa,
kilivyolika katikati kwa miaka ya visigino:
usiku bila taa, mguu ulijiweka wenyewe.

Lakini bonde si la bure.
Ukikwangua katikati, uti wa ubao unabaki njiti ya kibiriti,
na palepale kisigino kinapokanyaga kwa hasira
ndipo ulipopunguza.
Ukitaka uelee, povu ulilolitoa ulirudishe kingoni,
na kingo zikinenepa, ubao unakuwa mbishi:
ukiuambia geuka, unakuuliza kwa nini.

Na gundi!
Aliyebuni bonde hakuwahi kumimina gundi.
Inateremka taratibu, inajikusanya pale chini
kama mgeni aliyeona mkeka,
ubao unapata uzito ambao macho hayauoni.
Nilikwangua kwa kadi kuukuu ya simu.
Mwadhini akaadhini adhuhuri, bado nakwangua.

Nilichimba milimita sita. Yeye alitaka kumi.
Nikamimina kikombe cha maji, kupima tu:
yakatulia katikati, duara,
na ndani yake nikaliona paa langu
na matundu yake yote.

Jumapili ya bamvua akaenda nao mlangoni mwa mwamba.
Nami nikaenda, ndani ya boti ya Ameir, nikitapika;
fundi wa mbao za mawimbi, tumbo la nchi kavu.
Wimbi la kwanza, alisimama kama aliyeshonewa.
La pili akalikata kona mpaka Ameir akasahau usukani.
La tatu likamwaga ndani.
Nililiona bonde limejaa, linang'aa,
ubao ukasita, kitambo cha kupepesa jicho,
na kusita juu ya wimbi ndiko kuanguka.
Akaibuka anacheka, chumvi puani.

Miezi miwili. Leo kaurudisha.
Chini ya kisigino cha kulia pana ufa
mwembamba kama unywele ndani ya chai.
Nta imelewa mchanga humo bondeni,
haibanduki hata kwa kisu cha moto.
Nikafungua mdomo. "Si nilikwambia"
ilishakaa ulimini, tayari,
nyepesi kuliko povu. Nikaimeza.

"Nitengenezee mwingine," kasema.

"Wa mgongo wa kobe?"

Akanitazama kama nimemwambia arudi kutambaa.
"Bonde lilelile. Ila huku nyuma, mwishoni,
lifungulie njia maji yapite.
Na hapa kisiginoni
niachie nyama."

Nimechukua penseli.
Sita, nimeandika.
Nimefuta kwa kidole.
Saba.